Mahindi ya Ng'ombe Katika Vilima vya Kigali

Mtu atokaye Ngara kwenda Kigali haendi ng'ambo. Anakwenda kwa jirani. Basi likishaiacha njia panda ya Benako huteremka hadi daraja la Rusumo, ambako maji ya mto Kagera huanguka kwa ngurumo. Ukishavuka, mambo mawili hubadilika papo hapo: saa hurudi nyuma kwa saa nzima, na magari huhama upande wa kushoto wa barabara yakashika wa kulia. Mengine yote, migomba, maharage na watoto wenye madumu ya maji, ni yale yale uliyoyaacha nyumbani.

Nilikuwa nimetumwa na ofisi yangu kwa shughuli za siku tatu, katika mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimekaza. Lakini chini ya majalada ya serikali nilikuwa na ujumbe mwingine ambao haukuandikwa popote. Mama yangu mzazi alikuwa amenituma mbegu. "Mwanangu," aliniambia usiku wa kuamkia safari, "nasikia huko Rwanda ng'ombe hawatoki nje, na bado wanakamuliwa mwaka mzima. Kawaulize wanawapandia mahindi gani. Usirudi mikono mitupu."

AIBU YA SHIMO LANGU

Yafaa nieleze kwa nini mama alisema hivyo. Ana ng'ombe mmoja chotara, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayomlipia mdogo wangu karo ya chuo cha uuguzi. Kila mwaka mvua zikishakatika maziwa hupungua, na karo nayo hupungua. Mwaka juzi mimi, mwenye cheti cha ualimu na maneno mengi, nilisoma kijitabu juu ya kusindika malisho shimoni, yaani kutengeneza sileji, nikajiona nimepata dawa. Tulipokwisha kuvuna mahindi makavu niliyakusanya mabua, nikayakatakata, nikayafukia na kuyafunika kwa turubai.

Miezi mitatu baadaye tulilifungua shimo mbele ya majirani. Kilichotoka kilikuwa kuvu nyeupe na nyeusi yenye harufu ya kuoza. Ng'ombe alinusa mara moja, akageuza kichwa. Mama hakunikemea. Alisema tu, "Cheti chako kinajua kusoma, mwanangu, lakini ng'ombe hasomi." Muhula ule mdogo wangu alichelewa kurudi chuoni kwa majuma matatu, hadi nilipopata mkopo. Basi nilipovuka Rusumo sikuwa mtalii.

NG'OMBE WASIOONEKANA

Kutoka Rusumo barabara hupita Kirehe, Kayonza na Rwamagana kabla ya kuifikia Kigali. Nilikaa dirishani makusudi nihesabu mifugo, na sikuona kundi hata moja njiani. Nilichokiona ni malisho yakitembea: mabingobingo, ambayo Wanyarwanda huyaita urubingo, yamefungwa juu ya baiskeli hadi mwendeshaji haonekani, au yamo kichwani mwa mama aliyembeba mtoto mgongoni. Ng'ombe wako nyuma ya nyumba, ndani ya mabanda, na chakula huwafuata huko.

Sababu yake yaeleweka. Vilima ni vingi, watu ni wengi, na kaya nyingi hulima chini ya hekta moja. Hakuna mahali pa kuachia mifugo. Zaidi ya hayo, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ng'ombe wengi waliangamia pamoja na wenyewe. Mwaka 2006 serikali ilianzisha mpango wa Girinka, neno ambalo maana yake ni "uwe na ng'ombe", ambao ni dua ya heri ya tangu zamani. Kaya maskini hupewa ng'ombe jike, na ndama jike wa kwanza hupelekwa kwa jirani mwenye shida kama hiyo. Zaidi ya ng'ombe laki nne wamekwisha kugawiwa kwa njia hiyo.

Lakini ng'ombe wa maziwa aliye bandani ni mgeni asiyejua kwenda kujitafutia. Asipoletewa, hana. Na kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba mvua hukatika, mabingobingo hukakamaa, na akina mama huenda mbali zaidi mabondeni kutafuta mzigo ule ule wa majani.

NYUMBANI KWA MAMA WA MASAKA

Siku ya tatu, kazi ya ofisi ilipokwisha, mtumishi mwenzangu wa Kigali alinichukua kwenda Masaka, viungani mwa jiji, kumwona shangazi yake. Masaka ndiko kiliko kiwanda cha maziwa cha Inyange, na ndiko serikali ilikoweka kituo cha kupandikiza mbegu za madume kwa chupa. Kwa hiyo huko habari ya maziwa si ngeni hata kwa mtoto mdogo.

Shangazi yule ni mama wa makamo aliyekulia Karagwe, na Kiswahili chake ni kile chetu cha Kagera.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amashyo!" Kisha akacheka, akanifundisha kujibu: "Amashongore." Salamu hiyo ni ya kutakiana makundi ya ng'ombe, naye ana mmoja tu, wa Girinka.

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Shimo lake halikuzidi urefu wa kitanda. Aliinua pembe moja ya turubai kiasi cha dhiraa moja, akachota karai moja, akarudisha turubai na mawe yake upesi kama mtu anayefunga mlango kwa ajili ya baridi. Ndani ya karai mlikuwa na mahindi yaliyokatwa vipande vidogo, majani, mabua, magunzi na punje zake, yote rangi ya zeituni, yakinukia uchachu mtamu kama togwa iliyokaa usiku mmoja. Ng'ombe alikuwa amekwisha kusimama.

Nikauliza swali nililotumwa. "Mama, hii ni mbegu gani ya ng'ombe?"

Alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyekosea jambo dogo. "Mbegu ya ng'ombe? Mimi nilipanda mahindi tu, mwezi wa tisa, pamoja na majirani. Siku ya kuyakata ndiyo iliyoamua nani atakula."

Akanieleza. Mwezi Januari, mahindi ya jirani yakiwa bado yanasubiri kukauka, yeye alivunja hindi moja katikati akazitazama punje. Juu zilikuwa zimeanza kuwa ngumu, chini zikitoa maziwa. Mpaka wa ugumu na maziwa ulikuwa umefika nusu ya punje. Siku hiyo hiyo aliyakata yote pamoja na mahindi yake. Ndipo nilipoyaona makosa yangu yote kwa mara moja. Mimi nilifukia mabua makavu ambayo sukari yake ilikwisha kuhamia kwenye punje, na punje zikahamia ghalani kwetu. Vijidudu vinavyogeuza sukari kuwa asidi, ile inayohifadhi malisho, havikukuta chakula. Na mabua makavu hayashindiliki. Hewa ilibaki ndani, kuvu ikaipata.

MAMBO MATATU YANAYOVUTANA

Tulipokuwa tukinywa chai ya maziwa aliingia bwana shamba mstaafu, jirani wa pale, aliyefuata chupa yake ya jioni. Nilimrudishia swali langu, nikisema kwamba hata hivyo lazima ziko mbegu zinazofaa zaidi kuliko nyingine. Alikubali. "Siku ni jambo la kwanza," alisema, "na mbegu ni la pili, lakini ni kubwa." Aliyonieleza jioni ile, na niliyoyasoma baadaye, nayaweka hapa kwa ufupi, maana yamenifungua macho.

Mtaalamu anayezalisha mbegu ya mahindi ya sileji hutafuta mambo matatu: wingi wa malisho, mmea kusimama bila kulala, na ubora wa chakula tumboni mwa ng'ombe. Ugumu ni kwamba mambo hayo matatu huvutana kama watoto watatu kwenye blanketi moja.

Tuanze na wingi. Kwa mkulima wa nafaka hupimwa punje peke yake. Kwa sileji hupimwa mmea mzima, tena baada ya kukaushwa kwenye tanuri, kwa sababu maji ni mdanganyifu. Shamba laweza kutoa mzigo mzito ambao sehemu tatu kati ya nne ni maji. Kiasi kinachotakiwa siku ya kukata ni kilo 30 hadi 35 za ukavu katika kila kilo 100. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki sifa ya wingi ilipatikana zamani. Huko Kitale, Kenya, watafiti waliunganisha mahindi ya kwao na mahindi ya milimani yaliyoletwa kutoka Ecuador, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara H611. Ndugu yake H614 ilivuka mpaka hadi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Ni mahindi marefu, yenye majani mengi, na wafugaji wengi huyapenda kwa sababu hiyo.

Lakini urefu una deni. Mmea mrefu wenye hindi lililoning'inia juu ni kama mtu aliyebeba ndoo kichwani juu ya utelezi. Upepo ukija, hulala. Mahindi yaliyolala huingia udongo, huoza, na udongo ukiingia shimoni huharibu sileji. Nchini Mexico, watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, waliwahi kuchukua mahindi marefu ya jamii ya Tuxpeño, wakawa wanachagua mifupi kati yake kizazi hadi kizazi. Baada ya mizunguko 15 urefu ulishuka kutoka sentimita 282 hadi 179. Kulala kulipungua, na kwa kuwa miche mifupi haizibiani jua, iliweza kupandwa karibu zaidi na kutoa punje nyingi zaidi kwa hekta. Hivyo kusimama si adui wa wingi, ilimradi mtu apime hekta na si mche mmoja.

Linabaki la tatu, na hapa ndipo penye fundo. Kinachoufanya mti usimame ni lignini, kitu kigumu kinachoshikamanisha nyuzinyuzi za bua. Na hicho hicho ndicho ambacho tumbo la ng'ombe haliwezi kukiyeyusha. Mwaka 1924, katika shamba la chuo kikuu huko St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, ilionekana mimea ya mahindi ambayo mshipa wa katikati ya jani ulikuwa wa rangi ya kahawia. Baadaye ilibainika kuwa mimea hiyo ina lignini pungufu. Ng'ombe huila kwa wingi, huimeng'enya vizuri, na maziwa huongezeka. Lakini mara nyingi mavuno yake ni kidogo, na hulala kwa urahisi zaidi. Upate hiki, ukose kile.

Hupimwaje ubora huo? Tangu mwaka 1963 iko njia iliyobuniwa Hurley, Uingereza: malisho yaliyosagwa hutiwa katika chupa pamoja na maji yaliyotolewa tumboni mwa ng'ombe au kondoo, huachwa siku mbili katika joto la mwili, kisha hutiwa asidi na kimeng'enya kwa siku mbili nyingine. Kilichobaki hupimwa, na kilichotoweka ndicho ambacho mnyama angekitumia. Zamani iliaminika kwamba mahindi bora ya nafaka ndiyo bora kwa sileji, kwa kuwa karibu nusu ya ukavu wa mmea imo katika hindi. Chupa zile zilionyesha kwamba haitoshi: mahindi mawili yenye punje sawa yaweza kuwa na mabua yasiyolingana hata kidogo. Ufaransa, ambako Auguste Goffart alichapisha kitabu chake juu ya kusindika mahindi mwaka 1877, tangu mwaka 1998 huangalia pia thamani ya malisho kabla ya kuisajili mbegu ya sileji.

CHAKULA CHA MTU KWANZA

Je, Rwanda? Bodi ya Kilimo na Mifugo ya nchi hiyo, RAB, imetoa mbegu chotara zake yenyewe, zenye majina yanayoanza na herufi RHM, na nchi imepunguza sana kutegemea mbegu za kutoka nje. Mbegu hizo zilitafutwa kwa ajili ya ugali wa mtu, na kwa ajili ya kuhimili magonjwa, hasa baada ya ugonjwa hatari wa mnyauko wa mahindi kuonekana nchini humo mwaka 2013. Hakuna wa kulaumu. Penye kishamba cha ari kumi, mtu hula kwanza.

Lakini bwana shamba yule alinipa neno la kunishika. Mahindi ya sileji hukatwa majuma kadhaa kabla ya yale ya kukauka. Hayangoji siku zile za mwisho ambapo bua hukauka, huliwa na funza na kuoza kitako. Kwa hiyo anayekata kwa ajili ya shimo aweza kuchagua mbegu yenye bua laini kidogo. Lakini anayetaka punje kavu kwanza na mabua baadaye ahitaji mbegu nyingine: ile ambayo hindi hukomaa huku majani yangali mabichi, na bua likasimama hadi mwisho. Aamue kwanza siku ya kukata, ndipo aende dukani. Mimi nilikwenda Kigali nikitafuta mbegu kabla sijajua siku.

HESABU YA NYUMBANI

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, nilifanya hesabu ya ng'ombe wa mama. Kilo 20 za sileji kwa siku, kwa siku 90, ni kilo 1,800. Ukiongeza zinazoharibika ni kama kilo 2,200. Shamba lililotunzwa vizuri kwa kiwango cha tani 30 za mabichi kwa hekta hutoa kilo tatu katika kila mita ya mraba. Hiyo ni zaidi ya mita za mraba 700, na mama ana nusu ekari tu, yaani kama mita 2,000. Theluthi ya chakula chetu! Nilijua jibu lake kabla sijamwuliza.

Nikapunguza. Sileji kilo 10 kwa siku, na pengo lijazwe na mabingobingo. Kwa kuwa mahindi yana upungufu wa utomwili, aongezewe majani ya kaliandra na desmodiamu, ambayo Wanyarwanda huyapanda kwenye kingo za matuta. Hapo eneo linashuka hadi mita za mraba 370 hivi, chini ya moja ya tano ya shamba. Shimo lake ni urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kidogo, na kina cha mita moja.

Kwa akina mama watakaojaribu, haya ndiyo niliyoyaona Masaka. Katakata vipande vya sentimita moja hadi mbili. Shindilia kwa miguu kila tabaka hadi unyayo usizame. Jaza na ufunike siku ile ile, na juu weka udongo au mawe ili hewa isiingie. Usifungue kabla ya majuma manne. Kila siku chukua kiasi cha kulisha tu. Mpe ng'ombe baada ya kukamua, si kabla, maana maziwa hushika harufu upesi. Na sehemu yenye kuvu itupwe bila huruma, kwani sumukuvu hupita tumboni mwa ng'ombe ikaingia katika maziwa ya watoto.

NILIYORUDI NAYO

Nilipofika nyumbani mama alitazama mkoba kwanza. "Iko wapi mbegu?"

"Sikuleta, mama. Mbegu haivushwi mpakani mfukoni, yataka kibali. Tutanunua zetu zilizothibitishwa, zinazofaa mwinuko wetu. Nilicholeta ni siku ya kukata."

Nilimweleza yote, hadi hesabu. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika mahali pa kuyakata mahindi yakiwa bado na punje zake laini. Hapo alishika kidevu. "Mwanangu, mimi nimeiona njaa. Kuyakata mahindi yenye chakula ndani yake nikampe mnyama? Hiyo ni kufuru."

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimwambia tu kwamba ng'ombe yule ndiye anayemsomesha binti yake, na kwamba mwaka juzi tulimpa mabua matupu, naye akaturudishia utupu ule ule. Mama alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alinichukua shambani, akahesabu hatua kutoka mpaka wa chini, akachomeka kijiti. "Kuanzia hapa kwenda bondeni ni ya ng'ombe. Kuanzia hapa kwenda juu ni ya watu. Na wewe mwenye cheti usikisogeze kijiti changu."

Hivi niandikapo mahindi yamefika magotini, pande zote mbili za kijiti. Januari, Mungu akipenda, tutavunja hindi moja upande wa bondeni tuzitazame punje. Majirani wamekwisha kuniuliza kama safari hii pia wataitwa siku ya kufungua shimo. Nimewajibu kwamba wataitwa mapema zaidi: waje siku ya kulishindilia, kwa miguu yao, ili likiharibika tuulizane sote, na likifaulu kila mmoja awe amejua njia ya kulichimba la kwake.